Kanyaruchinya: Tangazo linakula mega za aliyehama vita, redio ya mtaa inabaki na njaa

Kwenye kabini za simu kandokando ya barabara ya Rutshuru, hapa Kanyaruchinya, malalamiko ya kila siku yanafanana. Mtu ananunua inite za franka chache, anaweka forfe ndogo ya mega ili apate habari za ndugu waliobaki Kibumba au waliorudi Rugari, na kabla ya saa sita mega zimekwisha. Hakutazama filamu. Hakupakua muziki. Alifungua habari mbili, akatazama video moja fupi aliyotumiwa, basi. Mwenye kabini anamwambia: «Simu yako inakula.» Naye anaondoka akiamini kwamba simu yake ni mgonjwa.

Simu si mgonjwa. Sehemu kubwa ya kinachokula ni matangazo ya biashara: picha zinazojifungua zenyewe, video zinazoanza kucheza kabla habari haijaonekana, programu zinazofanya kazi kwa siri zikipima nani yuko wapi na anatazama nini. Video ya tangazo ya sekunde kumi na tano inaweza kula mega kadhaa. Kwa mtu wa Himbi au wa Kinshasa mwenye intaneti ya nyumbani, hiyo si kitu. Kwa mama aliyekuja hapa na mtoto mgongoni na godoro kichwani, mega hizo ni nusu ya forfe, na nusu ya forfe ni nyanya za mboga ya jioni.

Linganisha na redio. Simu ndogo ya vifungo yenye FM haihitaji hata mega moja. Chomeka waya wa masikio, unasikia. Muuza mabati analipa redio, redio inasoma tangazo lake, msikilizaji anasikia bure. Anayetafuta faida ndiye anayelipa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwenye intaneti mambo yamegeuzwa: muuza mabati analipa, na anayeonyeshwa mabati naye analipa, kwa mega zake, ili aone kitu ambacho hakukiomba. Fedha ya kwanza inaenda California. Fedha ya pili inaenda kwa kampuni ya simu. Redio ya mtaa haigusi hata moja.

Hilo si jambo dogo kwa watu wa hapa. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku na lava kushuka mpaka Buhene, watu walikimbia kwanza, kisha wakatafuta redio ili wajue waelekee wapi. Mwisho wa 2022, familia za Rutshuru na Kibumba zilipojaza Kanyaruchinya mpaka maturubai yakagusa barabara, ni redio za hapa zilizosoma kwa Kiswahili na Kinyarwanda wapi maji yanagawiwa na wapi chanjo ya watoto inatolewa. Mwezi wa pili 2025, kambi zilipotakiwa kuondoka, swali lilikuwa lile lile: nani amesema, siku ngapi zimetolewa, njia gani iko wazi? Redio inayokosa fedha ya mafuta ya jenereta haiwezi kujibu maswali hayo. Na fedha ya mafuta, tangu zamani, ilitoka kwenye matangazo.

Wapo watakaosema kwamba biashara ni biashara, na kwamba mfanyabiashara ameenda Facebook na Google kwa sababu ndiko watu waliko. Kama ingekuwa hivyo tu, kelele zisingefaa. Lakini mahakama zimeshapitia jambo hili, na zilichokuta si ushindani wa haki.

Ili lieleweke, fikiria depo ya viazi. Mkulima wa Jomba analeta magunia yake Goma. Kwenye depo kuna bwana mmoja. Yeye ndiye mwenye mizani. Yeye ndiye anayeuza kwa niaba ya mkulima. Yeye huyo ndiye anayenunua kwa niaba ya mama wa soko la Virunga. Depo pia ni yake. Mkulima akiuliza bei ya mnunuzi, anaulizwa bwana. Mama akiuliza bei ya mkulima, anaulizwa bwana. Na katika kila magunia matano yanayopita, moja linabaki kwake. Nani atajua kama bei ilikuwa ya haki?

Ndivyo matangazo ya intaneti yanavyouzwa. Kila mara mtu anapofungua ukurasa wenye matangazo, mnada unafanyika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho: nafasi ya tangazo inauzwa, wanunuzi wanatoa bei, anayeshinda anaonekana. Google ina chombo ambacho wenye magazeti na kurasa hukitumia kuuza nafasi zao. Ina pia mnada wenyewe. Ina pia vyombo ambavyo wenye bidhaa hukitumia kununua. Kwenye mnada wake ilikuwa ikikata karibu asilimia 20. Tarehe 17 mwezi wa nne 2025, jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho ya Virginia, Marekani, aliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani katika soko la chombo cha wauzaji na katika soko la mnada, kwa kuvifunga viwili hivyo pamoja ili wengine wasipate mlango. Kwa upande wa wanunuzi, serikali ya Marekani haikufaulu kuthibitisha shitaka lake, na ni haki kulisema hilo. Miezi mitano baadaye, tarehe 5 mwezi wa tisa, Tume ya Ulaya nayo iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.95 kwa kupendelea mnada wake yenyewe. Google ilikataa hukumu zote mbili na kusema itakata rufaa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 5 mwezi wa nane 2024, jaji mwingine wa Marekani, Amit Mehta, alikuwa ameamua kwamba kampuni hiyo hiyo ilishika soko la kutafuta habari kinyume cha sheria. Mwaka 2021 peke yake ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu na wengine, ili mtu akifungua simu yake aikute Google imeshakaa mbele. Dola bilioni 26 kwa mwaka mmoja. Bajeti nzima ya taifa la Kongo mwaka huo haikufika hata nusu yake.

Upande wa simu hasa, mlango ulifunguliwa mapema na watu waliopewa kazi ya kuulinda. Mwezi wa kumi na moja 2009 Google ilitangaza kununua AdMob, kampuni iliyokuwa inaongoza katika kuweka matangazo ndani ya programu za simu, kwa dola milioni 750. Wakuu wa ushindani wa Marekani walichunguza kwa miezi kadhaa, wakiogopa kwamba washindani wawili wakubwa wanakuwa mmoja. Tarehe 21 mwezi wa tano 2010 waliacha biashara ipite. Sababu waliyoitoa: Apple nayo imeingia kwenye matangazo ya simu, kwa hiyo ushindani utakuwepo. Huduma hiyo ya Apple iliitwa iAd. Ilifungwa mwaka 2016. Mshindani aliyeaminiwa kulinda soko alikufa baada ya miaka sita, na AdMob iko mpaka leo ndani ya programu za tochi, za Biblia, za mpira na za kikokotoo zilizomo kwenye simu za Kanyaruchinya.

Simu zenyewe nazo zina neno la kusema. Nyingi zinazouzwa Birere ni Tecno, itel na Infinix. Wengi wanadhani ni kampuni tatu zinazoshindana. Ni moja, Transsion ya China. Zinapendwa kwa sababu bei yake inafikika na betri yake inadumu, na hilo ni kweli. Lakini simu ya bei ndogo hurudisha fedha yake kwa njia nyingine: programu zilizowekwa tangu kiwandani, nyingine hazifutiki, zinazoleta matangazo hata simu ikiwa mfukoni. Mara moja ilizidi hapo. Mwezi wa nane 2020, kampuni ya usalama Upstream ilitoa taarifa kwamba simu za Tecno W2 katika nchi kama Etiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na kirusi kilichokuwemo tangu simu mpya, kikijaribu kuwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Ilizuia majaribio milioni 19.2 kutoka kwa simu zaidi ya laki mbili. Transsion ilisema kosa lilitoka kwa mmoja wa watu wanaoiletea sehemu za simu, na kwamba ilitoa dawa yake. Waliopoteza inite walikuwa watu wa kipato kidogo, wale ambao kampuni zote zinasema zinawapenda.

Hiyo ndiyo sehemu ya mbali. Sasa iliyo karibu.

Kongo ina kampuni nne kubwa za simu: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Hapa Goma majina yanayopakwa kwenye kuta ni matatu ya kwanza. Tigo ilikuwepo, mwaka 2016 Orange iliinunua na wenye laini za Tigo wakaamka wamekuwa watu wa Orange. Kila muunganiko wa namna hiyo unaitwa maendeleo. Kwa mnunuzi ni mlango mmoja umefungwa.

Kampuni ya simu si kama muuza mabati. Ina barabara, yaani rezo. Ina duka kando ya barabara, yaani forfe. Ina pochi ya mteja, yaani M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Na sasa ina ubao wa matangazo unaokaa ndani ya mfuko wa mteja: ujumbe mfupi. Asubuhi bahati nasibu, mchana mlio wa simu wa msanii fulani, usiku ushauri wa mapenzi kwa franka kadhaa kwa siku. Kinachouma si kelele zake. Ni kwamba kugusa mara moja kwa makosa, au mtoto kuchezea simu, kunatosha kumwandikisha mtu kwenye huduma inayokata inite kila siku, na kutoka kwake kunahitaji namba ambayo hakuna anayeikumbuka. Mwenye simu ya vifungo asiyejua kusoma Kifaransa hana njia kabisa. Ujumbe umeandikwa kwa Kifaransa. Inite zinakatwa kwa lugha zote.

Watu wa hapa hawajasahau RAM. Mwezi wa tisa 2020, serikali ilianza kukata inite za wenye simu kwa jina la daftari la vyombo vya simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Ilikatwa moja kwa moja kwenye inite za mtu. Watu walipiga kelele Goma, Bukavu, Kinshasa, bungeni mpaka barabarani, na mwanzoni mwa 2022 ikaondolewa. RAM ilikuwa kodi, si tangazo. Lakini ilifundisha mambo mawili. La kwanza, kwamba mkono wa kampuni unaweza kuingia kwenye salio la mteja wakati wowote, na mteja akajua baadaye. La pili, kwamba kelele zikiwa nyingi na za pamoja, mkono unatoka.

Kwa nini basi redio hazipigi kelele juu ya matangazo haya? Jibu linajulikana na kila mtangazaji wa Goma, ingawa halisemwi kwenye mikrofoni. Ukitoa wenye bia, kampuni za simu ndizo wateja wakubwa wa matangazo. Redio ikisoma malalamiko ya wasikilizaji juu ya huduma zinazokata inite, mkataba wa mwezi ujao unaweza usije. Hakuna haja ya mtu kutoa amri. Njaa inatosha kuziba mdomo. Wateja wakubwa wakiwa watatu tu, redio haina pa kukimbilia. Wangekuwa thelathini, mmoja akikasirika maisha yangeendelea. Hapo ndipo soko lililoshikwa na wachache linapoingia kwenye habari anayosikia mtu wa Kanyaruchinya, na hasa kwenye habari asiyoisikia.

Kuna na forfe za mitandao ya kijamii. Mtu ananunua forfe ya WhatsApp na Facebook kwa bei ndogo kuliko mega za kawaida. Inaonekana ni zawadi. Lakini maana yake ni kwamba Facebook inafunguka kwa bei ya chini, na ukurasa wa habari wa hapa, au sauti ya redio ya mtaa kwenye intaneti, inafunguka kwa bei ya juu. Mwenye forfe hiyo akibonyeza kiungo cha habari anaambiwa mega zimekwisha. Anarudi Facebook kusoma kichwa cha habari bila habari, na katikati yake anaonyeshwa tangazo. India ililitazama jambo la namna hii na kulikataza: tarehe 8 mwezi wa pili 2016 mamlaka yake ya mawasiliano ilizuia kampuni kutoza bei tofauti kulingana na kinachotazamwa, na huduma ya bure ya Facebook ikafungwa huko. Kongo haijauliza hata swali.

Na WhatsApp, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014, ilitangaza mwezi wa sita 2025 kwamba matangazo yataingia kwenye sehemu ya habari za hali. Mahali ambapo familia zilizotawanyika kati ya Goma, Minova, Nakivale na Kakuma zinatumiana salamu za usiku pamekuwa ubao wa biashara.

Mashirika ya misaada hayawezi kuachwa nje ya maneno haya. Yapo yanayolipa Facebook ili taarifa zao «zisukumwe» ziwafikie waliohama. Fedha iliyochangwa kwa jina la mtu wa Kanyaruchinya inavuka bahari ili kumtafuta mtu wa Kanyaruchinya kwenye simu ambayo huenda hana, kwa picha itakayokula mega zake kama anayo. Redio iko mtaani, inasikika kwenye kila nyumba ya mbao, na inaambiwa «shirika halina bajeti ya matangazo». Bajeti ipo. Imekwenda kwa mwingine kwa sababu yule anatoa ripoti yenye michoro ya kupanda juu, na redio inatoa risiti ya mkono. Kama tatizo ni ripoti, redio zifundishwe kutoa ripoti. Hiyo ingegharimu kidogo kuliko mwezi mmoja wa kusukuma.

Kampuni za simu zina jibu lao, na lina uzito. Zilijenga minara mahali ambapo serikali haikufikisha hata nguzo ya umeme. Mafuta ya mnara yanapanda kilima kwa mgongo wa watu. Benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, ni pochi za simu zilizobaki zikipitisha mshahara wa mwalimu na msaada wa ndugu wa Uganda au wa Ulaya. Bila hizo, wengi wangelala njaa. Yote ni kweli. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuzidai zaidi. Mtu asiye na njia nyingine ya kupokea fedha hawezi kuiambia kampuni «sitaki matangazo yako, naenda kwa mwingine». Anayeshika mlango wa pekee wa nyumba hana haki ya kuuza kila anachotaka mlangoni.

Mahali pengine Afrika wamethubutu. Kenya, mwezi wa saba 2014, mamlaka ya ushindani iliiambia Safaricom iache kuwazuia maajenti wa M-Pesa kufanya kazi na kampuni nyingine, na ikaacha. (Goma haikungoja sheria kwa hilo, kabini moja hapa huwa na mwavuli wa rangi moja, bango la rangi ya pili na simu ya rangi ya tatu.) Nigeria, mwezi wa saba 2024, iliitoza Meta, mwenye Facebook na WhatsApp, faini ya dola milioni 220 kwa kutumia vibaya nguvu yake na habari za watu, Meta ilikata rufaa, na mwezi wa nne 2025 baraza la rufaa likaithibitisha faini. Afrika Kusini ilifanya uchunguzi juu ya namna Google na wenzake wanavyokula mkate wa vyombo vya habari, na mwezi wa kumi na moja 2025 ilimaliza kwa mapatano ambamo Google inatoa randi milioni 688 kwa miaka kadhaa, zikiwemo za redio na magazeti ya kijamii na ya lugha za wenyeji. Randi hizo ni chache ukilinganisha na kilichochukuliwa. Lakini zimetoka, kwa sababu mtu aliuliza.

Kongo haikosi karatasi. Kuna sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Kuna sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 juu ya mawasiliano. Kuna Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Kuna ARPTC ya kusimamia kampuni za simu, na kuna CSAC ya kusimamia vyombo vya habari. Nchi iko ndani ya COMESA, yenye tume yake ya ushindani kule Malawi, na tangu 2022 iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye mamlaka yake ya ushindani Arusha. Milango ni mingi kiasi kwamba kutopiga hodi hata kwenye mmoja ni uvivu.

Wengine watasema Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwezi wa kwanza 2025, na Kinshasa haiwezi kitu. Si kweli kwa jambo hili. Leseni za kampuni za simu zinatoka Kinshasa. Makao yao makuu yako Kinshasa. Amri ya kuzima huduma inayokata inite bila idhini haihitaji askari kupita Kibati. Inahitaji barua na fundi mmoja kwenye kompyuta. Na wanaotawala hapa nao, wanaokusanya kodi kwenye kila gari linaloshuka kutoka Rutshuru, wana mdomo wa kuuliza kwa nini mama wa makala anakatwa franka zake kila usiku. Mpaka leo swali hilo halijasikika kutoka upande wowote.

Kinachodaiwa si kikubwa. Huduma ya kulipia isianze mpaka mteja aandike namba yake ya siri, si kugusa kidole tu. Neno moja la kutoka, la Kiswahili, linalofanya kazi kwenye mitandao yote. Ujumbe wa kukata fedha uandikwe kwa lugha ambayo mteja aliichagua. Forfe ya mitandao ya kijamii ifungue pia kurasa za habari za redio za jimbo, au bei ya mega iwe moja kwa wote. Kampuni za simu na mashirika ya misaada zitangaze hadharani ni kiasi gani kinakwenda kwa redio za hapa na kiasi gani kinakwenda nje.

Redio nazo zina sehemu yao, na hapa hazistahili kupakwa mafuta. Kila moja inauza matangazo yake peke yake, kwa bei inayobadilika kulingana na sura ya mteja, na mbili zikikutana mlangoni pa mteja mmoja zinaumizana kwa kushusha bei. CORACON, kikundi cha redio na televisheni za kijamii za Kivu Kaskazini, kimekuwepo miaka mingi. Hakuna kinachozuia redio kumi kuwa na orodha moja ya bei na mtu mmoja wa kuuza kwa niaba yao. Mwenye mabati wa Birere, mwenye duka la dawa wa Majengo, fundi wa sola wa Munigi: hao hawawezi kushindana kwenye mnada wa Google, lakini wanaweza kulipa tangazo la sekunde thelathini linalosikika kutoka Kibati mpaka Kituku.

Wakati hayo yanangojwa, wenye kabini wanaweza kuanza leo. Malalamiko ya mtu mmoja mbele ya ARPTC ni hewa. Daftari lenye kurasa arobaini ni kesi. Liwekwe daftari kwenye kila kabini ya Kanyaruchinya. Aliyekatwa inite bila kuomba aandikiwe tarehe, saa, kiasi kilichokatwa, rezo, na maneno ya ujumbe kama yalivyokuja, hata kama ni ya Kifaransa. Jina si lazima. Asiyejua kuandika amwambie mwenye kabini, naye aandike. Mwisho wa mwezi daftari lisomwe redioni, ukurasa kwa ukurasa, na nakala yake itumwe Kinshasa.